Nzuri, Ila

Kwetu mtu akiulizwa habari za nyumbani
hujibu kwanza: nzuri.
Kisha hunyamaza, humeza mate,
ndipo hushuka ile ila.
Nzuri, ila mtoto ana homa.
Nzuri, ila babu tulimzika Jumanne.

Mashine ya chama chetu cha tumbaku, hapa Tabora,
ilijifunza nusu ya kwanza tu ya adabu hiyo.
Kila asubuhi niliiuliza: hujambo?
Ikawasha kijani: sijambo.
Miezi mitatu, sijambo.

Sikujua kwamba anayejibu ni msemaji wa nyumba,
kidhibiti, kadi moja iliyosimama mlangoni
kama mwenye kanzu safi,
na nyuma yake, gizani, diski mbili
zinazoandika neno lilelile kwa wakati uleule.
Nimeziita Kulwa na Doto.
Ya tatu, inayokaa bure ikingoja msiba, ni Shija,
jina la afuataye pacha.

Siku moja nikampita msemaji.
Niliandika amri ya mistari kumi na moja
inayoingia hadi chumbani na kumwita kila mmoja.
Kulwa? Nipo. Joto nyuzi arobaini na nne.
Doto?
Doto?
Kumbukumbu ikasema: tangu tarehe tisa Machi, saa nane usiku,
ule usiku wa radi, umeme uliporudi kwa kishindo.
Tulikuwa Juni.

Na tundu la Shija lilikuwa na kifuniko, ndani hamna kitu.
Mhasibu Kapaya alikiri huku akichezea kalamu:
alimchomoa mwaka juzi,
sasa amejaa video ya harusi ya bintiye,
keki inakatwa mara tatu.
Taa ya njano ya Doto je?
Mlinzi Lutambi aliibandika utepe wa fundi umeme.
Inanimulika machoni, alisema, usingizi hauji.

Sikucheka. Niliwaza robota za watu,
kilo za Mayunga wa Usoke,
deni la mbolea la Nyanzobe wa Sikonge,
alilolilipa lote, risiti ikaliwa na mchwa;
shahidi wake pekee sasa ni Kulwa,
anayezunguka mara elfu saba na mia mbili kwa dakika
ndani ya ghala la zamani
ambalo kuta zake bado zinapigisha chafya.

Diski mpya ilipanda treni Dar,
ikalala Manyoni, reli imesombwa.
Nami nikalala ofisini juu ya magunia.
Kila robo saa: Kulwa? Nipo.
Kulwa? Nipo, sekta mbovu tatu.
Kulwa?
Nipo. Saba.
Nikamwambia: usinipe nzuri. Nipe ila.

Ijumaa tukamtia Doto mpya pahala pa marehemu.
Hakujua jina la mkulima hata mmoja.
Kulwa akaanza kumsimulia, kilo kwa kilo,
asilimia sita, asilimia kumi na moja,
na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote,
maana mgonjwa ndiye mwalimu.
Lutambi alileta chai na karanga, akachuchumaa.
"Huyu anayesimulia akifa kabla hajamaliza?"
Sikumjibu. Thelathini na nane.
Akanyoosha mkono, akabandua utepe wake,
akaukunja, akautia mfukoni.

Simu ikalia. Mama, kutoka Igalula.
Habari za huko, mama?
Nzuri, mwanangu.
Nilikuwa nimekwisha sema haya, tutaongea kesho.
Kidole kikasita.
Nikamuuliza goti. Nikamuuliza presha.
Nikamuuliza lile jicho la kushoto.

Kimya upande wa pili.
Kisha nikasikia anameza mate.